Pokémon, Lorcana au kadi za filamu za zamani: ukusanye zipi?

Mpwa wangu aliingia sebuleni na viatu miguuni, akaweka kadi moja mezani taratibu kama mtu anayeweka hati ya kiwanja. "Mjomba, ina mhuri wa toleo la kwanza. Hii ni pesa." Alikuwa ameinunua kwa dola tatu kwa jirani aliyetandaza vitu vyake vya zamani mbele ya gereji, kama wafanyavyo huku Marekani kiangazi kikifika.

Ilikuwa kadi ya Pokémon, ule mchezo wa kadi wa viumbe wa katuni kutoka Japani. Kiumbe wake ni Machamp, namba 8 kati ya 102. Na kweli, chini ya picha upande wa kushoto palikuwa na kiduara cheusi chenye namba 1 ndani yake. Kwenye kadi nyingine za seti ile ya mwaka 1999, kiduara hicho kina uzito: kadi imetoka katika uchapaji wa kwanza kabisa wa Kiingereza, na wakusanyaji hulipia hilo. Lakini Machamp hakuwekwa kwenye pakiti za kawaida. Alikuja ndani ya boksi la kuanzia la wachezaji wawili, na boksi hilo liliendelea kuchapwa na mhuri uleule muda mrefu baada ya uchapaji wa kwanza kwisha. Ndiyo maana Machamp wa "toleo la kwanza" wamejaa kila kona. Huyu wa mpwa wangu, kingo zimechubuka weupe na pembe moja imekunjika, alikuwa na thamani ya dola chache tu.

Alinyamaza, akaigeuza kadi, akaitazama mgongoni. "Sasa nikusanye zipi, Mjomba?"

Swali hilo ameniuliza pia dada yangu, wameniuliza wazazi ninaosali nao, na rafiki aliyeko Muscat ambaye binti zake wameanza kuomba kadi badala ya peremende. Mimi nimekusanya aina tatu, na kila moja imenifundisha kwa pesa yangu mwenyewe: Pokémon, Disney Lorcana, na zile kadi za filamu na katuni zisizochezwa, kama za kampuni za SkyBox na Topps za miaka ya 1990. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza na hajui aingilie mlango upi.

Jambo moja niliweke wazi mapema, maana nitalirudia. Uzee peke yake hauipi kadi thamani. Thamani hutokea pale watu walio hai leo wanapoitaka kadi, halafu wakakuta nakala safi zilizobaki ni chache. Kimoja kikikosekana, kilichobaki hakitoshi.

Pokémon: soko lenye watu

Kadi za Pokémon zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1996, miezi kadhaa kabla katuni yenyewe haijaanza kuonyeshwa kwenye televisheni huko, Aprili 1997. Kwa Kiingereza zilitoka Januari 1999 kupitia kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo ilizishikilia hadi mwaka 2003. Seti ya kwanza ilikuwa na kadi 102, na 16 kati ya hizo zilikuwa za kung'aa.

Ili uelewe bei za leo, fikiria kadi hizo zilipita mikononi mwa nani. Zilipita kwa watoto wa miaka minane, tisa, kumi. Walizifunga kwa mpira wa pesa, wakazitia mfuko wa nyuma wa suruali, wakakaa juu yake darasani. Walizibadilishana uwanjani mpaka shule nyingi za Marekani zikazipiga marufuku. Kadi zilichapwa kwa wingi, lakini zilizotoka salama katika mikono ile ni chache, na uchache wa namna hiyo hauwezi kupangwa na kiwanda chochote. Ulitengenezwa na furaha ya watoto. Watoto haohao sasa wana miaka 35 na 40, wana kazi na mishahara, na wanataka kurudishiwa Charizard wao.

Charizard ni namba 4 katika seti ile, joka la rangi ya machungwa lililochorwa na Mitsuhiro Arita. Nakala yake ya toleo la kwanza yenye alama 10 kutoka PSA iliuzwa dola 420,000 Machi 2022. PSA ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1991. Unawatumia kadi, wanaikagua pembe, kingo, uso na kama picha imekaa katikati, wanaipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Charizard wa aina ile waliopata 10 ni 120 na ushei tu duniani.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanasikia bei ya Charizard mmoja, wanakwenda kufungua sanduku la nyumbani. Charizard wa mwaka 1999 wako wa ngazi tatu. Wa kwanza ana mhuri wa toleo la kwanza. Wa pili hana mhuri, ila fremu ya picha yake haina kivuli upande wa kulia. Hao walichapwa kidogo. Wa tatu ana kivuli, naye ndiye aliyeenea zaidi. Kutoka ngazi moja hadi nyingine bei huporomoka, na ndani ya kila ngazi mkwaruzo mmoja hukata tena. Simama karibu na dirisha, ishike kadi kwa kingo, iinamishe mpaka mwanga uteleze juu ya sehemu ya kung'aa. Mikwaruzo midogo isiyoonekana ukiitazama wima itajitokeza yote, kama nyayo kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi.

Pokémon mpya ni habari nyingine kabisa. Katika mwaka mmoja tu uliomalizika Machi 2024 zilichapwa kadi bilioni 11.9, na kufikia Machi 2025 jumla ya zilizochapwa tangu mwanzo ilipita bilioni 75. Isitoshe, watu wa leo wamejifunza. Kadi ikitoka kwenye pakiti inaingia kwenye mfuko wa plastiki hapohapo, kabla hata mtoto hajaishika vizuri. Kwa hiyo ule uchache wa nakala safi uliotokea mwaka 1999 hautajirudia kwa kadi nyingi za sasa.

Lakini mtu atasema, mbona zinagombaniwa? Zinagombaniwa kweli. Mei 2021 maduka ya Target huko Marekani yalisimamisha uuzaji wa kadi za Pokémon na za michezo madukani baada ya ugomvi wa wanunuzi katika maegesho ya magari Wisconsin. Mwaka 2023 Jumba la Makumbusho la Van Gogh, Amsterdam, lilitoa kadi ya Pikachu aliyevaa kofia ya kijivu kama yule mchoraji, umati ukasukumana, walanguzi wakajaa, na baada ya wiki chache makumbusho yakaacha kuitoa. Januari 2025 seti ya Prismatic Evolutions ilipotoka, rafu zilikuwa tupu. Njaa hiyo ni ya kweli, ila hupozwa na mashine ya kuchapa. Mlanguzi anaishi katika ule muda mfupi kati ya njaa na uchapaji mpya. Mzazi hana haja ya kununua muda huo. Subiri.

Faida kubwa ya Pokémon ni moja, nayo haina mshindani: wakati wowote ukitaka kuuza, mnunuzi yupo. Yupo Nairobi, yupo Dubai, yupo Toronto. Bei za mauzo yaliyokamilika unaziona mtandaoni, hukadirii gizani. Kwa mtu anayeweka pesa ambayo huenda akaihitaji siku moja, hilo ni jambo zito kuliko uzuri wa picha.

Lorcana: mgeni mwenye nyumba kubwa

Lorcana inatengenezwa na Ravensburger, kampuni ya Ujerumani inayojulikana zaidi kwa mafumbo ya picha za kuunganisha. Ilitangazwa Septemba 2022, na seti ya kwanza, The First Chapter, iliingia sokoni Agosti 2023. Wahusika wote ni wa Disney: Mickey, Elsa, Stitch, Moana, Simba. Ni mchezo pia, wenye rangi sita za wino; unalipa wino kuwaleta wahusika mezani, wahusika wanatafuta hekaya, na wa kwanza kufikisha alama 20 ameshinda.

Hapa sina budi kukiri mapenzi. Katika seti ile ya kwanza kuna kadi ya wimbo wa filamu ya The Lion King yenye maneno mawili juu yake: Hakuna Matata. Kazi yake mchezoni ni kuwaondolea wahusika wako majeraha, hadi matatu kila mmoja. Na kwa kuwa ni wimbo, huhitaji kuulipia wino. Mhusika wako mwenye gharama ya kutosha anaweza kuuimba, ukafanya kazi bure. Nilipoionyesha kwa mara ya kwanza nyumbani, dada yangu aliishika, akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma barua kutoka kwao. Sisi tuliolelewa Tanga tungesema "hakuna tabu" au "hakuna shida", matata ni neno la wageni na nyimbo za hotelini. Lakini ni letu. Disney waliomba alama ya biashara ya maneno hayo Marekani mwaka 1994 na kuipata mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 likazuka ombi kubwa mtandaoni la kupinga. Mimi nilikuwa upande wa wapingaji, na bado niko. Hata hivyo kadi ile naipenda, na inauzwa kwa senti tu.

Kwa mkusanyaji, Lorcana ina tofauti ya msingi na kadi za filamu: picha zake hazikukatwa kutoka kwenye filamu. Zimechorwa upya. Rafiki, yule nyani wa The Lion King, anaonekana katika mkao ambao hukuwahi kumwona nao kwenye sinema, Simba yupo mtoto, yupo kijana, yupo mfalme aliyerudi. Mtu akipenda mhusika mmoja anaweza kumfuatilia seti hadi seti bila kuona picha ileile mara mbili. Nimeona watoto wakijenga faili la Stitch peke yake, kurasa na kurasa.

Na bei? Seti ya kwanza ilikuwa na kadi 204, na juu yake kadi 12 za daraja linaloitwa Enchanted, ambazo namba zake zinapita 204. Elsa wa daraja hilo, Spirit of Winter, ndiye aliyepanda zaidi ya wote. Pakiti moja yenye kadi 12 ilipangiwa bei ya karibu dola 6, boksi la pakiti 24 karibu dola 144, lakini wiki za mwanzo hukulipata kwa bei hiyo. Walanguzi walilisomba. Watu walilipa maradufu na zaidi, wakiamini wanashika dhahabu. Kisha Ravensburger wakachapa tena seti ileile, na tena, mpaka rafu zikajaa na boksi likarudi chini. Waliochelewa walinunua kwa nafuu kuliko waliowahi. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila seti mpya inapotangazwa.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wapya hawaambiwi dukani. Mwaka 2025, seti ya tisa, Fabled, ilipotoka, seti nne za mwanzo ziliondolewa katika mfumo mkuu wa mashindano, isipokuwa kadi zilizochapwa tena. Hiyo ina maana kwamba kadi iliyokuwa ghali kwa sababu tu wachezaji waliihitaji hupoteza wateja hao usiku mmoja. Inayobaki na bei ni ile inayopendwa kwa uso wake. Ukikusanya Lorcana, jiulize kwa kila kadi: anayeitaka ni mchezaji au ni mpenzi wa huyu mhusika? Mchezaji ataondoka. Mpenzi wa Elsa atakuwepo.

Udhaifu wa Lorcana ni umri wake. Haijapita bado ile miaka 20 ambayo mtoto huhitaji ili akue, apate mshahara, na atamani utoto wake. Wahusika wake wamekwishapita mtihani huo. Kadi zenyewe bado.

Kadi za filamu: nzuri, za bei rahisi, na upweke wake

Mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, kampuni ya SkyBox ilitoa kadi zake kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilikuwa na kadi 90. Ukizipanga kwa mfululizo unapata hadithi yote, kuanzia jua la asubuhi na wanyama wakikusanyika, kila kadi na maelezo mgongoni. SkyBox walikuwa wametoa kadi za namna hiyo za filamu nyingine za Disney miaka hiyo, na Topps nao, mwaka 1999, walitoa kadi za katuni ya Pokémon ya televisheni, ambazo watu wengi huzichanganya na kadi za mchezo. Njia ya kuzitofautisha ni rahisi: za Topps hazina maelezo ya mashambulizi wala nguvu, ni picha na hadithi tu. Wakusanyaji wake huangalia rangi ya nembo ya Topps, kwa kuwa uchapaji wa kwanza ulikuwa na nembo ya buluu na uliofuata una nyeusi.

Seti kamili ya The Lion King ya 1994 nimeinunua kwa bei ya pakiti mbili tatu za Lorcana. Kadi zina zaidi ya miaka 30! Kwa nini ni rahisi hivyo?

Kwanza, zilichapwa katika zama ambazo Marekani nzima ilishaamini kwamba kadi ni mtaji. Watu walinunua maboksi mazima wakayaweka darini bila kuyafungua. Hivyo nakala safi ni nyingi, tena zikiwa bado kwenye pakiti. Pili, hazichezwi. Mtu akishapata zote 90, safari imekwisha. Hakuna mchezo wa kumrudisha, hakuna seti mpya ya kumwita. Soko la kadi za mchezo hupata wateja wapya kila Jumamosi dukani, mtoto akija kucheza na mwenzake. Kadi za filamu humsubiri mtu mmoja mmoja anayekumbuka.

Hapa nimeona watu wazima wakikosea kwa imani njema kabisa. Wanaona mwaka 1994 umeandikwa mgongoni, wanadhani wamepata hazina, wanalipa ada ya kuipima kadi. Ada hiyo kwa kampuni kubwa mara nyingi ni dola 20 na kuendelea kwa kadi moja, posta mbali, na kadi yenyewe inarudi ikiwa na thamani ndogo kuliko kasha lililoibeba.

Lakini nikiulizwa ni zipi nimezifurahia zaidi jioni, ni hizi. Nilikaa na mpwa wangu zulia zima limejaa, tukapanga 1 hadi 90. Nikamweleza kwamba Rafiki ni rafiki kweli, Simba ni simba, Pumbaa anatokana na kupumbaa, Sarabi ni yale mazigazi mtu anayoyaona njiani jua likiwa kali, na Shenzi, naam, ni neno ambalo mama yake hataki kulisikia mezani. Mtoto aliyezaliwa ugenini, anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza, alishika kadi moja moja na kutamka. Sijui kadi nyingine zinazoweza kumfanyia hivyo mtoto wetu.

Pakiti au kadi moja moja?

Nunua kadi moja moja. Pakiti ni mbuzi kwenye gunia: unalipia matumaini, na aliyepanga kiwango cha matumaini ni muuzaji. Kwa mtoto, pakiti moja siku ya kuzaliwa ni furaha halali, acha aichane mwenyewe na asikie ile sauti. Lakini ukijumlisha pakiti kumi utakuta ungeweza kuinunua kadi uliyokuwa ukiitafuta na kubakiwa na chenji.

Pakiti za zamani ni hatari zaidi. Zile za Pokémon za 1999 watu huzipima kwenye mizani ndogo, kwa kuwa kadi ya kung'aa huongeza uzito kidogo. Nzito hubaki nazo, nyepesi ndizo hukuuzia wewe. Na kuna zilizofunguliwa zikafungwa upya. Mimi niliwahi kununua moja mtandaoni kwa pesa ya chakula cha wiki nzima. Nilipoifungua, mshono wa juu ulikuwa na utepe mwembamba wa gundi iliyokauka, ngumu kama ukucha, na ndani kadi zilikuwa za kawaida tupu, mbili zimerudiwa, moja ina alama ya kidole. Muuzaji hakujibu tena. Tangu siku hiyo pakiti ya zamani siigusi, hata ikisifiwa vipi.

Kuhusu feki: Pokémon ndizo zinazoghushiwa kuliko zote, na zimesambaa hadi masoko yetu ya Afrika Mashariki. Zile kadi za plastiki za rangi ya dhahabu zinazouzwa kwa furushi ni feki, achana nazo. Kwa kadi ya karatasi, washa tochi ya simu nyuma yake na ulinganishe na kadi halali ya bei rahisi uliyonayo. Kadi halali ina tabaka la giza katikati ya karatasi na haipitishi mwanga hovyo. Tazama buluu ya mgongoni, tazama herufi kama ni nene kupita kiasi, soma maneno kama hayana makosa. Lorcana feki zipo, chache zaidi, hasa za madaraja ya juu. Kadi za filamu za 1994 hakuna anayejisumbua kuzighushi, na hiyo ni raha ya namna yake.

Ukiishi pwani

Huku nilipo tatizo ni hewa kavu ya baridi. Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Muscat tatizo ni unyevu, na kadi za kung'aa ndizo huumia kwanza. Karatasi hunyonya maji, tabaka la kung'aa halinyonyi, kwa hiyo upande mmoja hutanuka na mwingine hubaki vilevile, kadi ikapinda kama chapati iliyosahauliwa juani. Lorcana za kung'aa hupinda haraka, Pokémon nazo zimo, wakati zile za SkyBox za kawaida hutulia zaidi. Weka kila kadi ndani ya mfuko laini wa plastiki, kisha faili lenye mifuko ya kuingilia pembeni, kisha kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Tia viwili humo, ila viwe mbali na mkono wa mtoto mdogo. Usiweke faili juu ya friji wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Na uandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kadi, seti, namba, tarehe na bei uliyolipa. Ukija kuuza, au mtoto akiuliza miaka kumi baadaye, utakuwa na jibu.

Basi, nani achukue zipi

Mwenye pesa ya kuweka kando kwa miaka, asiye na haraka, na anayeweza kusoma tofauti ya kivuli na mhuri: Pokémon za Wizards, za kuanzia 1999 hadi 2003, moja iliyo safi badala ya kumi zilizochoka. Nunua iliyokwisha kupimwa na kufungiwa kasha, maana hapo umelipia pia macho ya mtu mwingine. Pokémon mpya nunua kwa kuipenda picha. Zipo nzuri sana, na nyingi unazipata kwa bei ya soda.

Mwenye watoto wa miaka minane hadi kumi na tatu ambao wanataka kukaa mezani pamoja naye: Lorcana, bila kusita. Mchezo unafundishika jioni moja, wahusika watoto wanawajua tayari, na mzazi naye anawajua, hakuna anayehitaji kuelezwa Elsa ni nani. Chagua mhusika mmoja au familia moja ya wahusika na umfuate. Kadi za kawaida za mhusika mmoja hazitakuumiza mfuko. Ile ya Enchanted iache iwe ndoto mpaka bei yake itulie.

Mwenye kumbukumbu, au mwenye kutaka kumpa mtoto aliyezaliwa mbali kitu cha lugha yake: kadi 90 za mwaka 1994. Usitarajie zipande. Zinunue seti nzima mara moja, ziweke kwenye faili, zikae sebuleni na siyo kabatini, zishikwe. Kama zitachakaa, zichakae.

Ukiniwekea dola 50 leo mkononi na mtoto mmoja ubavuni, ningetoa 20 kwa seti ya SkyBox, 20 kwa kadi moja moja za Lorcana alizochagua mwenyewe, na 10 kwa faili na mifuko. Pokémon ya zamani ningeisubiria dola 100 za kwake peke yake, kwa sababu chini ya hapo utapata nyingi zilizochoka na utajutia kila moja.

Mpwa wangu amechagua simba. Ana ukurasa mmoja wa mifuko tisa: Simba watatu wa Lorcana juu, katikati Hakuna Matata kati ya Rafiki na Pumbaa, chini Timon na kadi mbili za SkyBox za jua la asubuhi. Machamp amepewa ukurasa wake mwenyewe, wa mbele kabisa, na kando yake kipande cha karatasi kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: dola 3, kwa jirani, Juni.